Je, Yafaa Kumsifu Asiyetaka Kuacha?



Limeulizwa katika darasa letu swali ambalo kwa sura yake ni jepesi, lakini kila tulipolishika tuliona lina uzito. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni, amekwisha kushinda mashindano makubwa ya dunia, amepata mali, na jina lake lajulikana mashariki na magharibi. Tangu mwaka 2023 kasi yake yapungua na vijana wampita. Naye hataki kuacha. Je, mtu huyu ni wa kusifiwa kwa ushujaa wake, au ni wa kunasihiwa aketi?

Hapana shaka wako watakaosema kwamba mbio ni mchezo, na kwamba haielekei watu wazima kukaa katika kikao cha ilimu wakajadili miguu ya mtu. Asemaye hivyo si mtu wa Eldoret. Tazama majumba ya mji huu, maduka yake, mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa wa pande za Uasin Gishu na Nandi, kisha uulize ni mangapi kati ya hayo yaliyonunuliwa kwa jasho la barabarani. Uwanja wa mji waitwa kwa jina la mkimbiaji, Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1500 Mexico mwaka 1968. Hapa kwetu mbio ni kazi, kama ualimu na useremala zilivyo kazi. Na swali la lini mtu aache kazi yake ni swali la kila mmoja wetu. Mkimbiaji hulijibu mbele ya macho ya watu, na sisi wengine hulijibu kwa siri, au hatulijibu kabisa.

Kwanza na tumjue mtu tunayemzungumza. Amezaliwa mwaka 1984 Kapsisiywa katika Nandi, akalelewa na mama aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwalimu wake wa mbio ni Patrick Sang, mtu wa pande hizo hizo, aliyepata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992; na tangu Kipchoge alipokuwa kijana asiyejulikana hawajaachana. Mwaka 2003 mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 18, aliwashinda Hicham El Guerrouj wa Moroko na Kenenisa Bekele wa Uhabeshi katika mita 5000, nao walikuwa ndio wafalme wa mbio wakati huo. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 alipata shaba, na Beijing mwaka 2008 akapata fedha. Kisha mwaka 2012 alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda London.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Mwaka ule Kipchoge alikuwa na miaka 27, na amekuwa katika mbio za dunia kwa muda wa karibu miaka kumi. Wengi walimhesabu kuwa amekwisha, kama walivyohesabiwa wengine wengi wa rika lake, ambao leo hawatajwi. Lau angalitii hesabu hiyo, tungalimkumbuka kuwa kijana aliyeng'ara mapema akazimika mapema. Yeye aliiacha mita 5000 akaingia marathoni, akashinda Hamburg mwaka 2013, na kutoka hapo mpaka mwaka 2020 alishindwa mara moja tu, Berlin mwaka ule ule wa 2013, aliposhika nafasi ya pili. Alishinda Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akashinda tena ile ya Japani mwaka 2021, akawa mtu wa tatu katika historia kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, baada ya Abebe Bikila wa Uhabeshi na Waldemar Cierpinski wa Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 2018 alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na nukta 39, rekodi mpya ya dunia. Na mwaka 2022, akikaribia miaka 38, akaipunguza papo hapo Berlin mpaka saa 2, dakika 1 na nukta 9. Katikati ya hayo, tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, alikwenda masafa hayo kwa saa 1, dakika 59 na nukta 40. Hiyo haikuandikwa katika daftari la rekodi, kwa sababu haikuwa mashindano ya wote, na wasaidizi walikuwa wakipokezana mbele yake. Walakini watu wa Eldoret waliotoka mabarabarani siku ile hawakuwa wakifikiri juu ya daftari.

Wanaomtetea huishika sana khabari ya mwaka 2012. Husema: aliambiwa amekwisha, akawakadhibisha, basi mwacheni, atawakadhibisha tena. Sisi twaona hoja hii ni dhaifu, hata kama yapendeza masikioni. Mtu aliyefufuka katika miaka 28 hakuonyesha kwa kufufuka kwake kwamba atafufuka katika miaka 41. Mwili una hesabu zake, na hapana marefu yasiyo na ncha. Ikiwa twamsifu kwa kutumaini kwamba atarudi kuwa wa kwanza, basi sifa yetu ni deni tunalomdai. Na asipolilipa tutamgeukia. Ni lazima tutafute sababu nyingine ya kumsifu, au tunyamaze.

Na kupungua kwenyewe hakufichiki. Mwaka 2023 alikuwa wa sita Boston. Mwezi Septemba alishinda Berlin mara ya tano, ikaonekana mambo yamerejea. Lakini haukupita mwezi, kijana wa miaka 23, Kelvin Kiptum, akakimbia Chicago kwa saa 2 na nukta 35, akaiondoa rekodi yake. Kiptum hakuishi kuyala matunda ya siku ile. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 alifariki katika ajali ya gari hapa hapa kwetu, pamoja na mwalimu wake Gervais Hakizimana, na bado wako wanaopita njia ile wakipunguza mwendo. Mwezi uliofuata Kipchoge alikuwa wa 10 Tokyo. Mwezi Agosti akenda Paris kutafuta Olimpiki ya tatu, ambayo hapana mwanadamu aliyewahi kuipata. Mgongo ukamuuma, akaachwa nyuma, na baada ya kilomita 30 akasimama. Ndiyo marathoni ya kwanza aliyoianza asiimalize. Mwaka 2025 alikuwa wa sita London, wa tisa Sydney, na tarehe 2 Novemba mjini New York akawa wa 17, kwa saa 2, dakika 14 na nukta 36.

Sasa yasikizwe maneno ya wapinzani, maana si maneno ya kupuuzwa. Wasema kwamba mtu mwenye akili huondoka karamuni kabla ya kuondolewa mikeka. Wasema pia kwamba kung'ang'ania ni kuipenda dunia: mtu amezoea makofi, na makofi yakipungua huyafuata popote yalipo, hata mahali anaposhangiliwa kwa huruma. Na huo mfano wa kuzoea upo. Haile Gebrselassie wa Uhabeshi, mmoja katika wakimbiaji wakubwa wa zama zote, alitoka katika marathoni ya New York mwaka 2010 kwa maumivu ya goti, akatangaza papo hapo kuwa ameacha mbio. Siku chache baadaye akarudi katika kauli yake, na hakuacha kweli mpaka mwaka 2015. Hatumcheki. Twalitaja jambo hilo ili ionekane jinsi ulivyo mgumu mlango huu hata kwa mtu mwenye akili, mali na heshima.

Lakini katika maneno haya ya "aondoke akingali juu" liko jambo moja ambalo kila tulipolipima tuliona lina kasoro. Ni nani hasa anayefaidika mtu akiondoka akingali juu? Yeye hafaidiki, maana kazi aipendayo imemtoka. Twafaidika sisi watazamaji. Sisi tumejiwekea picha yake nyoyoni, picha ya Vienna na ya Berlin, nayo twataka ikae safi kama picha iliyotiwa kioo. Kila anapokuwa wa tisa au wa 17 picha yetu huingia vumbi, nasi twakasirika, kisha twaiita hasira yetu nasaha. Huku ni kumtaka binadamu aliye hai awe mlinzi wa kumbukumbu za watu wengine. Je, mwalimu aliyefundisha vizuri miaka thelathini, sauti yake ikianza kukwama, twamwambia aache ili tusije tukamkumbuka vibaya? Twamwambia aache ikiwa watoto hawafundishiki tena. Hiyo ni sababu nyingine kabisa, nayo yategemea watoto, haitegemei kumbukumbu zetu.

Kwa hiyo twaona swali la haki si kwamba yeye apungukiwa au hapungukiwi. Swali ni hili: kubaki kwake kwamdhuru nani?

Katika marathoni za miji, jawabu ni jepesi. Barabara ya London au ya Sydney ni pana; wanaokimbia humo ni maelfu kwa maelfu, na aliye na nguvu hupita. Kipchoge akiwa wa 17, hapana hata mmoja katika wale 16 aliyeombwa ampishe. Saa iko juu ya mstari wa mwisho, nayo haimjui mkubwa wala mdogo. Tungependa sana kuwe na saa kama hiyo katika vyama vyetu na kamati zetu, ambamo mna wenyeviti wasioweza tena kusoma hesabu ya mwaka jana, na kila ukija uchaguzi husemwa kwamba hapana mwingine awezaye. Wale ndio wanaokataa kuacha kwa maana iliyo mbaya: wameketi juu ya kiti kimoja, na kila siku wanayokikalia ni siku aliyonyimwa mwingine. Mkimbiaji hana kiti. Tukiwachanganya watu hawa wawili katika lawama moja, kwa kuwa wote ni watu waliokaa sana, tumeidhulumu akili.

Tatizo ni timu ya taifa, na hapa hatuwezi kumpakia mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika marathoni ya Olimpiki kila nchi hupeleka watu watatu tu. Hapo barabara si pana tena. Hapo pana viti vitatu. Mwaka 2024 Kenya iliwachagua Kipchoge, Benson Kipruto na Alexander Mutiso, na Kipchoge alikuwa ametoka kuwa wa 10 Tokyo. Kipruto alileta shaba. Tazama sasa walivyofanya jirani zetu wa Uhabeshi. Sisay Lemma alikuwa mmoja wa watatu wao. Akaumia, akatoka kabla ya mbio, na nafasi yake akapewa Tamirat Tola, aliyekuwa mtu wa akiba. Tola akashinda dhahabu kwa saa 2, dakika 6 na nukta 26, rekodi mpya ya Olimpiki. Hatusemi kwamba mtu wa akiba wa Kenya naye angalishinda. Hayo ni ya ghaibu. Twasema kwamba kiti kimoja kilichoachwa wazi kilizaa dhahabu, na kwamba nchi yenye wakimbiaji wengi kama yetu yapaswa kulitia jambo hilo maanani. Waliochagua walitazama yaliyopita, na heshima ya yaliyopita ni kitu kizuri, lakini haikimbii kilomita 42. Ikiwa pana mahali ambapo twatamani Kipchoge mwenyewe angalisema "mpeni mwingine", ni hapo. Nia yake hatuijui, wala si kazi yetu kuipekua. Yawezekana aliuona mwili wake uko tayari. Lakini mwenye kumpenda mtu asipoweza kusema neno kama hili, mapenzi yake hayana faida kwa yeyote.

Tukiisha kusema hilo, na tumtazame alipokuwa chini, maana mtu hujulikana hapo. Siku ile ya Paris, alipoona hawezi, hakuingia garini kujificha. Alikwenda kwa miguu kando ya njia, watu wengi wakiandamana naye, akiwagawia viatu vyake na mavazi yake ya mbio, huku wenzake wakiendelea kupita. Hapana aliyemsikia akimlaumu mwalimu, au viatu, au waliomchagua. Miaka mingi mtu huyu amekaa katika kambi ya Kaptagat, juu ya mji wetu, akirudi nyumbani kwake mwisho wa wiki tu. Na katika kambi hiyo, kama wajuavyo waliofika, kufagia na kusafisha vyoo huenda kwa zamu, na bingwa wa dunia ana zamu yake. Mtu aliyezoea zamu ya choo wakati alipokuwa wa kwanza haoni ajabu kuwa wa 17. Hii, kwa maoni yetu, ndiyo alama ya kupambanua baina ya mwenye kuipenda kazi na mwenye kuyapenda makofi. Mpenda makofi hawezi kuvumilia nafasi ya tisa.

Wanaojua sira wanayo khabari ya Mtume (S.A.W.) na Bibi Aisha, kwamba walishindana mbio katika safari na Bibi Aisha akashinda, na baada ya muda, mwili wake ulipokuwa mzito, wakashindana tena naye akashindwa, na jambo likaisha kwa kicheko na mzaha. Wengi huitaja khabari hii kuonyesha uhalali wa michezo, wakaishia hapo. Sisi yatupendeza zaidi kwamba yule aliyejua kuwa mwili wake umebadilika hakukataa kukimbia mara ya pili.

Kuna namna nyingine ya kukataa uzee ambayo ndiyo hatari ya mji huu, wala haina kicheko. Miaka hii wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na si vijana peke yao. Wamo waliokuwa wakiiona kasi yao ikiwatoka, na deni la shamba bado, na karo ya watoto bado. Mtu wa namna hiyo naye amekataa kuacha. Lakini yeye amekataa pia kuonekana alivyo: ataka saa iseme uwongo kwa ajili yake. Na mwili ni amana. Kuutia sumu ili upate miezi sita zaidi ya ushindi ni kuila amana yenyewe. Mbele ya hao, mzee anayepungua waziwazi, mwaka baada ya mwaka, na nyakati zake zikichapwa katika magazeti kwa kila mtu kuzisoma, afanya jambo ambalo vijana wa Eldoret wanahitaji mno kuliona. Wengi wao wamemwona mshindi. Mshindwa asiyeona haya hawajamwona.

Wala hatusemi kwamba kila mtu na afanye kama yeye. Mary Keitany, aliyeshinda New York mara nne na London mara tatu, aliacha mwaka 2021 kwa sababu ya mgongo, akasema na akatimiza. Naye heshima yake haikupungua hata chembe. Mwenye maumivu yanayomharibu hana ruhusa ya kuyadharau kwa ajili ya kusifiwa ushujaa, na familia ya mtu ina haki katika mgongo wake. Lau Kipchoge angalikuwa akikimbia kwa kujiumiza, jawabu letu lingekuwa jingine, na tungelisema bila kigugumizi. Lakini baada ya Paris alipumzika miezi, akarudi London akiwa mzima, akamaliza. Akaenda Sydney, akamaliza.

Baada ya New York alitangaza kwamba nia yake sasa ni kukimbia marathoni saba katika mabara saba, hata katika bara la barafu la kusini, kwa muda wa miaka miwili. Wako waliocheka, wakasema huo ni utalii. Na uwe utalii. Hauna kiti cha mtu ndani yake. Katika mbio zile za New York, wa kwanza alikuwa Benson Kipruto na wa pili Alexander Mutiso, wakafika wote kwa saa 2, dakika 8 na nukta 9, kifua kwa kifua, hata waamuzi wakahitaji picha ili kuwapambanua. Hao ndio wawili waliovaa pamoja naye nguo za Kenya Paris. Baada yao wakapita wengine 14, na dakika 6 na nukta 27 tangu wawili wale wafike, akaja yeye, akakanyaga mstari.